Meli ndogo katika maji ya nyangumi: Safari ya pwani ya Alaska

MSAFIRI anayeshuka melini katika gati la Bartlett Cove, kusini-mashariki mwa jimbo la Alaska nchini Marekani, hulakiwa na mifupa. Ni kiunzi kizima cha nyangumi jike, urefu wake karibu mita 14, kilichosimamishwa chini ya paa hatua chache kutoka ufuoni.

Watafiti walimjua nyangumi huyo kwa jina Snow na kwa nambari 68. Alama za mkia wake zilipigwa picha kwa mara ya kwanza mnamo 1975, na kwa zaidi ya robo karne alirejea katika maji hayo kila alipotaka malisho ya kiangazi. Julai 2001 mzoga wake ulipatikana ukielea karibu na lango la Ghuba ya Glacier Bay. Alikuwa mja mzito, na fuvu lake lilikuwa limevunjika. Uchunguzi ulibaini kwamba aligongwa na meli kubwa ya watalii. Mnamo 2007 kampuni iliyoendesha meli hiyo ilikiri mahakamani kosa la kutopunguza mwendo karibu na nyangumi, na ikalipa jumla ya dola 750,000, sehemu kubwa ya pesa hizo ikielekezwa katika uhifadhi. Kiunzi chenyewe kiliwekwa mahali kilipo leo mnamo 2014, baada ya mifupa kuoshwa na kuunganishwa kwa miaka kadhaa.

Kisa cha Snow ndicho kielelezo bora cha swali linaloikabili biashara ya kutembeza watalii katika pwani za nyika: je, mtu anaweza kumkaribia mnyama wa porini kwa kiasi gani kabla ukaribu huo haujawa madhara? Alaska, swali hilo limejibiwa kwa sheria zinazopima umbali, mwendo, na zaidi ya yote, idadi na ukubwa wa meli.

Pwani inayozungumziwa si ufuo mmoja ulionyooka. Ni funguvisiwa la zaidi ya visiwa 1,000, vilivyotenganishwa na milango ya bahari na hori ndefu zenye kuta za mawe zilizochongwa na barafu. Sehemu kubwa ya nchi kavu imo ndani ya Msitu wa Kitaifa wa Tongass, ambao kwa eneo la takriban kilomita mraba 68,000 ndio mkubwa zaidi miongoni mwa misitu ya aina hiyo Marekani. Ukiziunganisha Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kisha ukazidisha mara tatu, utaukaribia ukubwa huo. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Juneau, makao makuu ya jimbo, haina barabara inayoiunganisha na ulimwengu wa nje. Anayeingia au kutoka hutumia ndege au chombo cha majini.

Katika nchi ya namna hiyo, meli si anasa tu bali ndiyo barabara yenyewe. Lakini kuna meli na meli. Zile kubwa, zinazobeba abiria elfu mbili, tatu au zaidi, ni miji inayoelea. Mnamo 2023 zilileta Juneau zaidi ya abiria milioni 1.6, ilhali wakazi wa mji huo ni kama 32,000. Meli ndogo hubeba kati ya abiria kumi hivi na mia moja. Hazina ukumbi wa michezo ya kuigiza wala kidimbwi cha kuogelea. Zilicho nacho ni mashua za mpira na mitumbwi ya kayaki iliyofungwa kwenye tezi, darubini mezani na mwongozaji au wawili waliosomea elimu ya viumbe.

Tofauti nyingine imo katika sheria ambayo abiria wengi hawaijui. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inakataza meli za bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari mbili za nchi hiyo bila kupitia nchi nyingine. Kwa kuwa takriban meli zote kubwa za utalii zimesajiliwa ng'ambo, lazima zitie nanga Canada, aghalabu Vancouver au Victoria, hata kama hakuna abiria aliyetaka kufika huko. Meli nyingi ndogo zimeundwa Marekani na kupeperusha bendera ya Marekani. Kwa hiyo zinaweza kuanza safari Juneau na kuimaliza Sitka au Ketchikan, na wiki nzima ikatumika katika hori badala ya bahari kuu.

Msimu huanza Mei na kumalizika Septemba. Mwezi Juni mchana wa Juneau hufikia saa 18, na ratiba ya siku huamuliwa na maji. Wenyeji wa Lamu wanaojua bamvua wangeelewa mara moja: hapa tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kuzidi mita sita, kuliko ile ya Mombasa ambayo hukaribia mita nne maji yakiwa makubwa. Mkondo katika mlango mwembamba huweza kuishinda mashua, na ufuo ambao abiria walishukia asubuhi huwa umemezwa kufikia adhuhuri. Nahodha mwerevu husoma jedwali la maji kabla ya kusoma jedwali la chakula.

Katika Kisiwa cha Admiralty, ambacho kwa lugha ya Watlingit huitwa Kootznoowoo, yaani ngome ya dubu, inakadiriwa wapo dubu wa kahawia wapatao 1,600. Hao ni wengi kuliko wakazi wa kisiwa hicho. Mwanzoni mwa kiangazi hula nyasi za ufuoni kama ng'ombe. Kuanzia Julai, samoni wanapopanda mitoni kutaga, dubu husimama majini na kuwavua. Mahali maarufu pa kuwatazama ni Pack Creek. Kati ya Julai 5 na Agosti 25 ni watu 24 tu kwa siku wanaopewa kibali cha kuingia hapo. Hakuna chakula kinachoruhusiwa kubebwa hadi eneo la kutazamia, kwani dubu aliyezoea kumhusisha binadamu na chakula huishia kupigwa risasi. Meli ya abiria 3,000 haina la kufanya na vibali 24. Ndogo yenyewe hulazimika kugawa zamu au kwenda pengine.

Kinachowavuta wengi, hata hivyo, ni nyangumi wa nundu. Wale wa kusini-mashariki mwa Alaska hutumia majira ya baridi katika maji vuguvugu ya visiwa vya Hawaii, ambako huzaa na hawali kitu. Kisha huogelea kilomita zaidi ya 4,000 kurudi kaskazini kujaza tumbo kwa uduvi na samaki aina ya heringi. (Binamu zao wa kizio cha kusini, watokao Antaktiki, ndio wanaoonekana Watamu na Kilifi kati ya Julai na Septemba. Hao nao huja kwetu kuzaa, wala si kula.)

Ulaji wao ni tamasha. Nyangumi kadhaa hushirikiana: mmoja huogelea kwa mzunguko akitoa mapovu ambayo hupanda kama uzio na kuwazingira heringi, mwingine hutoa mlio mrefu unaowatia samaki kiwewe, kisha wote huchomoka kwa pamoja katikati ya duara vinywa wazi. Kundi hukaa pamoja majira yote, na watafiti wamewatambua washiriki walewale mwaka baada ya mwaka kwa alama za chini ya mkia, ambazo hazifanani kwa nyangumi wawili kama zisivyofanana alama za vidole vya watu.

Uwindaji wa kibiashara wa nyangumi hawa katika Pasifiki ya Kaskazini ulipigwa marufuku mnamo 1966, wakiwa wamebaki wachache mno. Waliongezeka polepole kwa takriban nusu karne. Kisha kati ya 2014 na 2016 wimbi la joto lisilo la kawaida lilitanda baharini na chakula kikaadimika. Utafiti uliochapishwa mnamo 2024, uliotumia picha za mikia zilizokusanywa na wanasayansi pamoja na watalii, ulionyesha kwamba idadi yao katika Pasifiki ya Kaskazini ilishuka kutoka kiasi cha 33,000 mnamo 2012 hadi chini ya 27,000 mnamo 2021. Ndani ya Glacier Bay na maji jirani, idadi ilipungua kwa zaidi ya nusu kati ya 2013 na 2018, na ndama wachache sana waliendelea kuishi. Ni muhimu kulitaja hili kwa sababu mara nyingi lawama yote hutupiwa meli. Meli huua mmoja mmoja. Bahari yenye joto huua kwa njaa, na kwa wingi.

Glacier Bay yenyewe ni ghuba changa mno. Mnamo 1794, mabaharia wa nahodha Mwingereza George Vancouver walipoupima mwambao huo, walikuta kijighuba cha kilomita nane tu, na nyuma yake ukuta wa barafu ulioenea hadi upeo wa macho. Mwanaasili John Muir alipofika kwa mtumbwi na wenyeji wa Kitlingit mnamo 1879, barafu ilikuwa imerudi nyuma kwa karibu kilomita 50. Kufikia 1916 ilikuwa imerudi karibu kilomita 100. Hivyo mlima wa barafu wenye unene wa zaidi ya kilomita moja mahali pengine ulitoweka katika muda wa vizazi vichache vya binadamu. Ghuba hii ilitangazwa mnara wa kitaifa mnamo 1925, ikawa mbuga ya kitaifa mnamo 1980, na mnamo 1992 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO.

Kwa sababu ya uchanga huo, safari ya kuingia ndani ya ghuba ni kama kusoma kitabu cha historia kuanzia ukurasa wa mwisho. Langoni pana msitu mzito wa miti mirefu iliyovikwa kuvumwani. Saa chache baadaye miti inapungua na kuwa vichaka. Mbele zaidi ni mawe matupu ambayo barafu iliyaachia juzi tu. Mwishoni, meli husimama mbele ya Margerie, mto wa barafu wenye upana wa karibu kilomita moja na nusu unaoishia baharini. Mapande yake hukatika na kuanguka kwa kishindo kinachofika masikioni baada ya jicho kuwa limekwisha kuona maji yakiruka.

Meli kubwa nazo hufika hapo. Lakini haziruhusiwi kushusha watu popote ndani ya ghuba. Abiria wao hutazama kutoka sitahani kisha meli hugeuza. Nafasi zenyewe ni za kuhesabu. Sheria ya mbuga inaruhusu meli kubwa zisizozidi mbili kwa siku, meli za kati za watalii tatu, vyombo vidogo vya kukodishwa sita na mashua za watu binafsi 25. Katika maji yaliyotengwa kuwa ya nyangumi, msimamizi wa mbuga anaweza kuamuru mwendo usizidi maili 13 za baharini kwa saa, na hakuna chombo kinachoruhusiwa kumsogelea nyangumi kwa chini ya robo maili ya baharini, yaani kama mita 460. Nje ya mbuga, katika maji mengine ya Alaska, kipimo ni yadi 100 tu.

Ukali huo una historia. Mnamo 1978 nyangumi wengi walihama ghuba mapema kuliko kawaida, na wahifadhi wakashuku vyombo vya majini vilivyokuwa vikiongezeka. Vikwazo vya kwanza vilifuata. Tangu mwaka 2000 kumekuwa na chombo cha kusikilizia kilichozamishwa karibu na Bartlett Cove ili kupima mvumo wa injini na rafadha, kwani nyangumi huwasiliana kwa sauti na kelele huwafupishia umbali wa kusikizana. Mnamo 2020, ugonjwa wa Covid-19 uliposimamisha meli kubwa, watafiti walipata nafasi ambayo hakuna sheria ingeweza kuwapa: kiangazi kizima cha ghuba tulivu.

Wenye meli ndogo hupenda kusema kwamba wao ni sehemu ya suluhisho. Kwa kiasi fulani ni kweli: wana uchafu mchache wa kumwaga, hawajazi mji kwa siku moja, na abiria wao hurudi nyumbani wakijua tofauti ya sili na simba-bahari. Lakini udogo si utakatifu. Mafuta yanayochomwa kwa kila abiria katika meli ya watu 60 huweza kuwa mengi kuliko katika meli kubwa. Zaidi ya hayo, ni chombo kidogo ndicho kinachoweza kupenya hori nyembamba ambako mnyama amejificha.

Johns Hopkins Inlet ni mfano. Hori hiyo imejaa vipande vya barafu vinavyoelea, na juu yake sili huzaa na kunyonyesha mwanzoni mwa kiangazi. Chombo kikikaribia, mama hujitumbukiza majini, na mtoto hubaki peke yake au humfuata katika maji baridi kabla hajapata mafuta ya kutosha mwilini. Sili wa ghuba hii walipungua kwa zaidi ya nusu kati ya 1992 na miaka ya mwanzo ya 2000. Ndiyo sababu hori hiyo hufungwa kwa vyombo vyote, vikubwa kwa vidogo, kuanzia Mei 1 hadi Juni 30. Meli kubwa husubiri hadi mwisho wa Agosti.

Wapo pia wanyama waliofanikiwa kupita matarajio. Fisi-maji wa baharini waliwindwa kwa ajili ya manyoya tangu enzi za Warusi hadi wakaisha kabisa kusini-mashariki mwa Alaska. Katika miaka ya 1960 takriban 400 walihamishwa kutoka magharibi na kuachiliwa huko. Mwaka 1995 walihesabiwa watano tu ndani ya Glacier Bay. Mwaka 2012 walikadiriwa kuwa zaidi ya 8,000. Leo abiria huwaona wakielea chali katika makundi, wakivunja kome na kaa juu ya vifua vyao. Wavuvi wa kaa hawachekeshwi sana na jambo hilo.

Kuna wengine waliopoteza zaidi katika ghuba hii, nao ni Watlingit wa ukoo wa Huna. Katika karne ya 18, kabla ya Vancouver kufika, barafu ilisonga mbele kwa kasi ikafukia makazi yao, wakavuka mlango wa Icy Strait na kuanzisha mji wa Hoonah. Barafu iliporudi nyuma walirudi kuwinda sili na kuokota mayai ya shakwe, lakini baada ya 1925 kanuni za uhifadhi ziliwafungia mlango hatua kwa hatua. Mtalii aliruhusiwa kutazama. Mwenyeji hakuruhusiwa kula. Mnamo 2014 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwarejeshea haki ya kuokota mayai. Agosti 2016 walipiga makasia katika mitumbwi waliyoichonga wenyewe hadi Bartlett Cove kufungua nyumba ya ukoo, Xunaa Shuká Hít, ya kwanza kusimama ghubani tangu barafu ilipozibomoa za mababu. Meli ndogo nyingi hutia nanga hapo, na abiria hukaa ndani ya nyumba hiyo kusikiliza historia kutoka kwa wenyewe. Ni saa moja au mbili tu, lakini ni sehemu ambayo sitaha ya ghorofa ya kumi na mbili haiwezi kuitoa.

Pwani hii haisamehi uzembe. Mei 2007, usiku wa manane, meli iliyobeba abiria 206 iligonga mwamba katika Icy Strait. Wachunguzi waligundua kwamba aliyekuwa zamuni ni afisa mgeni aliyepewa leseni karibuni, na hiyo ilikuwa zamu yake ya kwanza melini humo. Abiria wote waliokolewa, kwa kuwa bahari ilikuwa shwari na vyombo vya jirani vilifika upesi.

Hatari nyingine haitokani na nahodha. Barafu inapoyeyuka, huondoa nguzo iliyoshikilia kuta za milima. Mnamo Julai 9, 1958, tetemeko la ardhi liliangusha upande wa mlima katika Lituya Bay, ambayo imo ndani ya mpaka wa Mbuga ya Glacier Bay, na maji yakapanda hadi mita 524 juu ya ufuo wa upande wa pili. Hakuna wimbi lililowahi kupimwa likapanda juu zaidi.

Tukio hilo lilichukuliwa na wengi kama jambo la mara moja. Kisha alfajiri ya Agosti 10, 2025, mlima uliporomoka karibu na mto wa barafu wa South Sawyer, katika hori ya Tracy Arm kusini mwa Juneau. Hori hiyo yenye urefu wa zaidi ya kilomita 40 ilikuwa miongoni mwa vituo vinavyopendwa mno na meli, kubwa na ndogo, na South Sawyer ulikuwa umerudi nyuma kwa kasi kabla ya siku hiyo. Maji yalipanda zaidi ya mita 400 kwenye ukuta wa pili, yakakwangua miti na udongo hadi mwamba. Watu waliokuwa wamepiga kambi kisiwani, karibu na mdomo wa hori, waliamshwa na maji yaliyoingia kambini na kuchukua vifaa vyao. Hakuna aliyekufa. Saa chache baadaye meli za watalii zingekuwa zimesimama mbele ya barafu hiyo, injini zikivuma polepole, abiria wakiwa omoni na kamera zao.

Baada ya hapo kampuni kadhaa zilibadili ratiba na kuelekeza meli zao Endicott Arm, hori jirani, ambayo nayo huishia kwenye mto wa barafu unaorudi nyuma.